Uso wa Mkwe

Tangu binti yake Rahel aolewe na Nyanda, Hellena hakuwahi kumwangalia mkwewe usoni hata siku moja, na sasa Serikali ilimtaka asimame mbele ya jaji amnyooshee kidole.

Siyo kwamba walikuwa na ugomvi. Ndivyo walivyolelewa. Wasukuma wa rika la Hellena walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, na mila zao wakaja nazo pia. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani kila mmoja humwachia mwenzake njia. Mama hutoka upande mmoja akajifunika khanga usoni. Mkwe hutoka upande wa pili, akageukia porini, akachutama mpaka mama apite. Vijana wa Milepa walilicheka sana jambo hilo, lakini Nyanda hakucheka. Kwa hilo peke yake Hellena alimpenda mkwewe, ingawa kumpenda kwenyewe kulikuwa kwa mbali, kwa kuona mgongo na kisogo tu.

Nyanda alikuwa mahabusu kwa kesi ya kumuua Fortunata. Fortunata alikuwa mwanamke wa Kifipa aliyeshuka kutoka huko juu kwenye baridi, akafungua mgahawa pale senta ya Milepa. Alipika wali wa kuvutia watu, na Nyanda akavutika. Alianza kula huko mchana, kisha jioni, kisha na chai ya asubuhi, na kijiji kizima kikajua anakolala. Halafu jioni moja ya masika Fortunata alikutwa jikoni kwake amepigwa mchi kichwani, amekwisha kukata roho. Koti la mvua la Nyanda, lile la bluu lenye kofia na kiraka cheusi mgongoni, likakutwa na damu nyuma ya nyumba ya Nyanda mwenyewe. Yeye alisema alikuwa mbugani akitafuta mtamba aliyepotea. Mtamba hana mdomo wa kutoa ushahidi.

Na jioni ileile, giza likianza kuingia, Hellena alikuwa amekutana na koti hilo njiani likielekea senta.

*

Walipofika mjini Sumbawanga, Hellena na mumewe Bundala walipanga chumba Majengo, kwenye gesti ya mama mmoja aitwaye Bi Hamida. Walikuwa wakitetemeka. Watu wa bondeni hupanda huku na nguo nyepesi, na baridi ya Ufipa huwafanya waonekane wajinga.

"Mnatokea wapi?" aliuliza Bi Hamida, akiwatazama miguu iliyojaa vumbi.

"Milepa," alijibu Bundala.

"Ah! Kwa ile kesi ya mama wa mgahawa?"

Bundala alikohoa. "Mke wangu ni shahidi. Wa upande wa Serikali." Alilisema hilo la Serikali akiwa amenyoosha mgongo, kama mtu aliyepewa cheo.

"Afadhali. Maana yule kijana anyongwe tu, hana dawa. Na mkewe naye nasikia yuko hapa mjini, kila siku anambebea hotpoti mpaka gerezani. Kafanyiwa yote yale! Mimi ningempelekea sumu."

"Ndiye binti yetu," alisema Hellena kwa sauti ndogo.

Bi Hamida alishika mdomo. "Jamani, nisamehe mama yangu. Sikujua. Basi mmezaa malaika, nakwambia. Wanawake wa hivyo hawapo siku hizi."

Sifa hizo zilimchoma Hellena kuliko tusi. Aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, na humo mkobani hakukuwa na cha kutafuta.

Rahel alikuja jioni, mtoto mgongoni, hotpoti mkononi. Alimwamkia baba yake, akamwamkia mama yake, akaketi sakafuni ingawa kulikuwa na kiti. Alikuwa amekonda. Mtoto aliamka na kukohoa.

"Amekula?" aliuliza Hellena, maana kwa mila jina la Nyanda halikutajwa mdomoni mwake.

"Kidogo. Alimshika mtoto, askari wakamhimiza."

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu, mama. Ananiuliza ng'ombe wanaendeleaje. Hajawahi kuniuliza jambo jingine lolote."

"Aulize nini?" alidakia Bundala. "Ana uso gani wa kukuuliza? Mimi nilimpokea kama mwanangu, akaja kunipaka matope mbele ya Wafipa. Leo nikipita senta watu wananyamaza. Mnadani pia wananyamaza." Alimgeukia mkewe. "Kesho useme vilevile kama ulivyosema polisi. Usitie chumvi, usipunguze. Ulimwona, basi, ulimwona."

Alitoka kwenda kutafuta chai ya moto. Wanawake wawili wakabaki na kile chumba na kikohozi cha mtoto.

"Rahel," aliita Hellena.

"Abee, mama."

Swali lilikuwa mdomoni kabisa. Hellena aliliona likimjia, akaona na jibu lake likija nyuma yake. Rahel aliinua macho. Walitazamana, mama na mwana, muda ambao watu wengine wangekuwa wamekwisha kusema yote.

"Huyo mtoto umpake mafuta ya moto kifuani," alisema Hellena. "Hii baridi itamuua."

"Sawa, mama," alisema Rahel, akainamisha macho.

*

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Jioni ile Hellena alikuwa akitoka kwenye jaruba la mpunga, manyunyu yanaanguka, akaliona lile koti la bluu mbele yake, kofia imevutwa mpaka machoni. Akajua ni mkwe. Akashuka majanini, akajifunika khanga usoni, akasubiri kusikia hatua za mkwe nazo zikitoka njiani kwenda upande wa pili.

Hazikutoka. Zilikuja moja kwa moja, katikati ya njia, mpaka ubavu wa koti uliolowa ukamgusa mkono. Nyanda asingefanya hivyo hata angekuwa amelewa. Mtu wa kupita hivyo ni yule asiye na sababu ya kumkwepa. Na hatua zenyewe zilikuwa na mguu mmoja wa kuburuta kidogo, mguu uliovunjika utotoni kwa kuanguka kutoka kwenye tela la ng'ombe, ambao Hellena mwenyewe aliukanda kwa maji ya moto kila jioni mpaka ukaunga.

Alibaki amejifunika mpaka hatua zikaisha. Alijiambia kwamba mke anakwenda kumtoa mumewe kwenye nyumba ya mwanamke mwingine, amejificha ndani ya koti la huyo mume ili watu wasimcheke, na kwamba aibu ya namna hiyo mama haioni. Akaenda nyumbani, akapika ugali. Aliposikia mayowe kutoka senta, mwiko ulimponyoka.

Askari alipokuja kesho yake kumuuliza alikutana na nani, alisema aliona koti la mkwewe akafunika uso. Askari, kijana wa mahali pengine asiyejua mambo ya ukwe, aliandika kwamba alimwona mkwewe. Akamsomea. Hellena alisikia kosa lile vizuri kabisa. Alikuwa anaweza kulisahihisha kwa neno moja, na badala yake akatoa dole gumba likapakwa wino.

Tangu siku ile chakula kilikuwa majivu mdomoni mwake. Akisema, mwanawe atakwenda. Asiposema, atakwenda mtoto wa mwanamke mwingine, naye pia ana mama huko Nzega. Alikuwa akilala na hesabu hiyo na kuamka nayo, na kila alfajiri aliona haya kwamba jibu lake lilikuwa lilelile.

*

Asubuhi, kwenye veranda ya mahakama, mashahidi waliwekwa kwenye benchi moja refu. Aliyekaa karibu na Hellena alikuwa mama mzee wa Kifipa, sweta limemzidi, kilemba kimefungwa kwa heshima. Alikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa.

"Wewe ndiye mama wa Milepa?" aliuliza. "Mimi ni mama yake Fortunata. Wananiita Mama Gaudensi."

Hellena alitaka ardhi ipasuke. "Shikamoo, mama," alisema, ingawa walikuwa karibu rika moja.

"Hapana, usiniamkie. Mimi ndiye wa kukuamkia wewe." Mama Gaudensi alimega kiazi, akamwekea nusu mkononi. "Kula, mama. Leo utasema sana, na tumbo tupu halina sauti."

"Nimeshakula."

"Kula bwana. Mimi nilikuwa nasema nyumbani, nikamwambia kijana wangu Gaudensi, huyu mama wa Kisukuma watamkataza kusema. Ni mkwewe! Watu huficha wakwe zao. Lakini wewe umekubali kumtoa wako kwa ajili ya mwanangu." Macho yake yalijaa machozi, akayafuta kwa pindo la sweta. "Najua mwanangu alikosea. Alichukua mume wa mtu, na mume wa mtoto wako. Ungeweza kusema afe tu. Mungu anakuona, mama."

Kiazi kilimkwama Hellena kooni. Kukitema hawezi, kukimeza hawezi. Mama Gaudensi akampigapiga mgongoni, taratibu, kama anavyopigwa mtoto, na mkono ule mgongoni ulikuwa mzito kuliko mzigo wowote wa kuni aliowahi kubeba.

Karani alitoka akaita jina lake, akilikosea. Hellena akainuka bado anatafuna.

*

Ndani kulikuwa kimya na harufu ya nta ya sakafu. Hellena alisahau kuinama mbele ya jaji, akaelekezwa; akapanda kizimba kisicho chake, watu wakacheka, akaelekezwa tena. Alishika Biblia akala kiapo. Mkalimani, Msukuma mtu mzima, alisimama pembeni yake. Bundala alikuwa benchi la mbele. Rahel alikaa nyuma kabisa, mtoto mapajani.

Wakili wa Serikali alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Alimpitisha taratibu kwenye jaruba, manyunyu, njia, koti. Hellena alijibu kwa neno mojamoja. Kila jibu lilikuwa kweli, na ndiyo iliyomtisha, jinsi uongo ulivyoweza kujengwa kwa matofali ya kweli tupu.

"Mtu uliyekutana naye amevaa koti hilo, yumo humu mahakamani?"

Hellena aliuficha mkono ndani ya khanga.

"Shahidi, mwonyeshe mheshimiwa jaji. Nyoosha mkono."

Nyanda aliambiwa asimame. Akasimama, na papo hapo, mbele ya jaji na mawakili na watu wote, akageukia ukutani akachutama.

Kicheko kikalipuka. "Simama wewe!" askari alimvuta kwa kola. "Unafikiri uko chooni? Mwangalie shahidi!"

Wakili wa Serikali alikuwa tayari ameinua mkono. "Mheshimiwa jaji, naomba kumbukumbu zioneshe kwamba mshtakiwa ameshindwa kumtazama shahidi usoni."

"Mshtakiwa," alisema jaji, "kwa nini unamgeuzia shahidi mgongo?"

"Ni mama huyo, mheshimiwa." Nyanda alikuwa bado anautazama ukuta. "Ni mama mkwe. Siwezi kumfanyia hivyo."

"Hapa ni mahakamani. Geuka."

Askari alimshika kidevu, akakizungusha. Hapo Hellena akauona uso wa mkwewe kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa kawaida tu, umekonda, una kovu dogo juu ya nyusi, mzee kuliko alivyodhani. Macho yalikuwa yamefumbwa. Alikuwa ameyakaza kufumba, mpaka kope zinatetemeka, ili walau mama asitazamwe.

Mtu huyu alikuwa mzinzi. Hilo Hellena alilijua na hakulisahau. Alimdhalilisha mwanawe kijiji kizima. Lakini alikuwa anakwenda kunyongwa, na njiani kuelekea kamba alikuwa anamstahi mwanamke aliyemfungia kamba hiyo. Hellena alijisikia uchi pale kizimbani.

"Mwacheni," alisema kwa Kisukuma. "Mwacheni, siye."

Mkalimani alimtazama. "Mayu, mama yangu, unajua unachosema?"

"Waambie. Siye."

Mkalimani akatafsiri. Wakili wa Serikali akapekua karatasi zake, upole umemtoka. "Shahidi, ulieleza polisi kwamba ulimwona mkwe wako."

"Nilisema niliona koti. Aliandika yeye mkwe, nami nikanyamaza."

"Sasa unajuaje kwamba hakuwa yeye, kama ulifunika uso?"

"Si mmemwona hapo?" Sauti yake ilipanda. "Mmemwona alivyofanya hata humu ndani, mbele ya bunduki? Yule wa njiani hakuniachia njia. Alinipita hapa, akanigusa mkono. Huyu tangu amuoe mwanangu hajawahi kunipitia njia moja."

Jaji aliweka kalamu chini. "Na kama ulijua hivyo tangu siku ile, kwa nini ulikaa kimya mpaka leo?"

"Kwa aibu, mheshimiwa."

"Aibu ya nini?"

Hellena aliangalia nyuma ya ukumbi. Rahel alikuwa anamfunga mtoto mgongoni, haraka haraka, kama mtu anayesikia basi linakuja.

"Nilimjua aliyekuwa ndani ya koti. Nilimzaa mimi."

"Hellena!" Bundala aliruka kutoka benchini. "Umerogwa? Hellena, funga mdomo!" Askari wawili wakamkamata, kofia yake ikamponyoka mkononi, akatolewa nje anapiga kelele kwamba mke wake ni mgonjwa, jamani, mke wake ana malaria.

Kelele zilipotulia, Rahel alikuwa amesimama. "Mama hasemi uongo," alisema kwa Kiswahili, wala hakusubiri mkalimani. "Nilikwenda kumwambia aniachie mume wangu. Akanicheka. Mchi ulikuwa pale."

Nyanda aliketi chini, kichwa mikononi, akalia kwa sauti. Huenda alikuwa amejua siku zote. Hakuna aliyemuuliza.

*

Jaji aliahirisha kesi. Nyanda hakuachiwa papo hapo, maana sheria nayo ina mwendo wake; alirudishwa gerezani kusubiri karatasi za watu wengine zibadilike. Rahel aliwekwa verandani, pingu mkononi, askari wa kike wamemsimamia wakingoja gari.

Mama Gaudensi alikuwa palepale kwenye benchi. Habari zilikuwa zimekwisha kumfikia. Hellena alipopita mbele yake, yule mama hakumtukana wala hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Asubuhi tulipokuwa tunakula, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Mama Gaudensi alikung'uta maganda kutoka kwenye kitambaa chake, akakikunja, akahamia mwisho wa benchi. Watu waliokuwa wamesimama pale walimwachia Hellena nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji.

Alifika mbele ya Rahel. Alikuwa amejiandaa kutemewa mate. Alitaka kutemewa mate. Rahel aliomba askari wamfungue mbeleko, mtoto akashushwa akiwa bado amelala, akawekwa mikononi mwa bibi yake.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Hellena. "Ningefanyaje? Nisamehe kwa leo."

"Ya leo sikulaumu, mama." Rahel alizungumza taratibu, kwa Kisukuma, kama walivyokuwa wakizungumza jikoni. "Hata mimi nilikuwa nimechoka kumpikia. Ya siku ile ndiyo inaniuma."

"Siku ipi?"

"Njiani. Sikukugusa kwa bahati mbaya. Njia ilikuwa pana, mama, ningeweza kupita mbali. Nilikugusa ili unijue, na nikajua umenijua, maana ulitetemeka. Nikaenda pole pole. Pale kwenye kichuguu nikasimama kabisa, nikakungoja uniite. Nilikuwa natafuta mtu wa kunirudisha nyumbani, ungeniita jina tu ningerudi." Alimfuta mtoto makamasi kwa kidole cha mkono uliofungwa. "Ulikuwa umejifunika."

Gari liliingia. Askari wa kike alisema, "Haya, twende," na Rahel akatwaliwa kwa mkono, akishuka ngazi na mguu wake ule wa kuburuta.

Ndipo Hellena akaita. Aliita jina la mwanawe kwa sauti iliyojaza veranda nzima, akaliita tena na tena, mtoto akaamka akalia, makarani wakatoka ofisini kuangalia kuna nini, na mlango wa gari ulikuwa umekwisha kufungwa.